Air Zaïre, Hewa Bora, Korongo: ndeke ambazo Luano haizioni tena

Ukisimama ku Luano asubuhi, ndeke nyingi unazoona zikishuka zina jina la inchi ya wengine ku mukia. Ethiopian inatoka Addis-Abeba, Kenya Airways inatoka Nairobi. Kaa sasa na wazee wa Ruashi ao wa Kamalondo, chini ya muti, na hata kama masolo yalianza na bei ya bunga, utaona yanaishia kule juu: « Zamani tulikuwaka na ndeke yetu. » Siye pia tumekomea mu neno hilo. Tukasema tufuate hayo majina, tujue ni nini hasa watu wanalilia.

Kwanza mutu akumbuke Lubumbashi iko wapi. Toka hapa mpaka Kinshasa ni kilometa zaidi ya 1500, ukipita juu. Reli haifiki kule: tangu 1928 inaishia Ilebo, na toka pale unashuka mu mashua ku mto Kasai. Barabara, tuwaachie wenye malori waieleze. Ndani ya inchi kama hii, ndeke si starehe ya tajiri peke yake. Mara nyingi njo njia moja tu ya kufika ku kilio mbele maiti haijazikwa.

Sabena njo ilianza. Mwaka 1925 Mubelgiji Edmond Thieffry alitoka Brussels tarehe 12 Februari akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili: siku 51, mutu wa merikebu alikuwa amemupita mbali. Lakini mwaka 1935, safari za kila mara zilipoanza, ilikuwa siku tano na nusu tu. Élisabethville nayo ikaingia mu karata ya Sabena mapema, kwa sababu shaba ya Union Minière ilikuwa huku na wakubwa wake hawakutaka kungoja. Wazee wakisifu ile Sabena, wanasifu saa: ndeke ilikuwa inaondoka saa iliyoandikwa. Tunawaamini. Ila tunawauliza pia, nani alikuwa ndani? Wakati wa wakoloni Mukongo wa kawaida alikuwa anaiangalia toka chini. Wengi wanaosema « ndeke yetu ya zamani » waliijua kwa shingo, kwa kutazama juu.

Na Luano ile ile imeona mambo ambayo hakuna mutu anayatamani. Tarehe 17 Januari 1961 DC-4 moja ilitua pale na Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wakiwa wamefungwa na kupigwa. Usiku ule ule waliuawa, si mbali na muji huu. Mwezi wa Juni 2022, jeneza lenye jino la Lumumba lilirudi Lubumbashi mbele ya kuzikwa Kinshasa. Zaidi ya miaka 61 imepita kati ya safari hizo mbili.

Mwaka ule ule wa 1961 kompani ya taifa ilizaliwa, Air Congo, na Sabena ikiwa na sehemu yake ndani. Mwaka 1971 inchi ikabadili jina, na ndeke nazo zikabadili: Air Zaïre. Hapa njo pahali sauti ya wazee inabadilika. Kuanzia 1973 Air Zaïre ilikuwa na DC-10, ndeke yenye injini tatu, moja imekaa ndani ya mukia. Ilikuwa inaenda Brussels na Paris. Mutu wa Katuba ambaye hakuwahi kutoka Shaba alikuwa anajua kuitambua kwa sauti tu.

Ku Luano kulikuwa na kazi nyingine ambayo watu wanaisahau. Mwaka 1971 pia, serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, ikagawa masomo: mutu akitaka kusoma barua, historia ao filozofia, ilimupasa kuja Lubumbashi. Watoto wa Bandundu, wa Équateur, wa Kivu wakaanza kushuka huku, wengi kwa ndeke, na kwa mara ya kwanza mu maisha yao. Wengine walioa hapa, hawakurudi. Tukitafuta ndeke ya kweli ya kuililia, siye tungeililia hii ya wanafunzi, zaidi kuliko ile ya Brussels. Mwana wa mulimaji alikaa kiti kimoja na mukubwa wa Gécamines, na wote wawili walikula chakula kimoja.

Kusafiri kulikuwa sherehe. Mutu alikuwa anavaa koti na kravati, mama anafunga kitambala kipya, na jamaa nzima inamusindikiza, watoto na bibi, mpaka ku Luano. Yule asiye na safari alikuja pia, na mukanda mu mkono: « Yaya, unipelekeeko huu kwa mutoto wangu ku Kin. » Mukanda ulifika. Leo tuko na telefone, mukanda hauna tena kazi. Lakini ile imani ya kumupa mutu usiyemujua barua yako, ukienda zako bila wasiwasi, ilikuwa imesimama juu ya ndeke iliyofika.

Halafu ndeke zikaacha kufika. Tangu 1974 bei ya shaba ilianguka, feza za kigeni zikapungua, vipande vya injini vikakosekana, na deni likapanda. Rais Mobutu naye, alipotaka kusafiri, alichukua ndeke ya kompani, na abiria wakabaki na mizigo yao. Wakati huohuo Gbadolite, ku kijiji chake, kulijengwa kiwanja cha kutosha Concorde, na Concorde ilikuja kweli, ya kukodi. Watu wakaibatiza Air Zaïre jina la « Air Peut-être ». Labda leo, labda kesho. Tuseme wazi: wale wanaoililia sana leo njo wale wale waliokuwa wanaicheka vile. Mwaka 1995 ilifungwa kwa kufilisika.

Ku Shaba watu hawakungoja ifike pale. Mwisho wa miaka ya 1980 muji huu ulipata kompani yake, Shabair, yenye makao hapa hapa, na Kinshasa kulikuwa Scibe Airlift ya Bemba Saolona. Shabair haikudumu. Jina la Shaba lenyewe lilifutwa mwaka 1997, jimbo likarudi kuwa Katanga.

Yaliyokuja nyuma yana majina ya Kiswahili, na hapo njo tunaumia zaidi, maana ni lugha yetu ilikuwa imeandikwa ku mabawa. Hewa Bora: wengi walilijua jina hilo mbele ya ndeke, kwa sababu kambi ya waasi ya Laurent-Désiré Kabila mu milima ya Fizi iliitwa vile. Halafu Wimbi Dira. Wakati wa vita, inchi ikiwa imekatwa vipande, ndeke hizi zilikuwa kamba iliyobaki. Hewa Bora ilikuwa na Boeing 727, na DC-9, hata TriStar kubwa ya kuvuka bahari. Zote zilikuwa zimekwisha kuzeeka kwa wengine mbele ya kufika kwetu. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 yake ilishindwa kupaa Goma ikaingia mu mtaa wa Birere, ikaua watu waliokuwa wanauza vitu vyao chini. Tarehe 8 Julai 2011, 727 yake ilianguka Kisangani ikitaka kutua mu mvua, watu zaidi ya 70 wakafa. Ruhusa yake ya kuruka ikaondolewa. Kuna wanaosema « Hewa Bora ilikuwa muzuri, chakula kilikuwako ». Chakula kilikuwako, ni kweli. Lakini mbele ya kusema vile mutu aende Birere kwanza.

Tangu 2006 Ulaya ilikuwa imefunga anga yake kwa karibu kompani zote za Kongo. Njo sababu Korongo iliamsha tumaini. Brussels Airlines na Groupe Forrest waliianzisha hapa Lubumbashi, na ikaanza kuruka Aprili 2012. Kinshasa, Mbuji-Mayi, Johannesburg. Korongo ni ndege wa kweli, mwenye miguu mirefu, wa ku mabwawa. Jina lilichaguliwa vizuri. Saa zake zilikuwa saa. Watu wa biashara wakaanza tena kusema « nitakuwa Kin saa sita » na kuwako saa sita. Septemba 2015 ikasimama. Mwezi uliofuata Congo Airways, kompani mupya ya serikali, ikaanza na Airbus A320, na kwa muda tuliamini. Lakini nayo baadaye ilibaki na ndeke chache, abiria wakarudi kule kungoja.

Kungoja kwenyewe tunakujua. Mmoja wetu humu ofisini alifiwa na mama mudogo wake Kinshasa. Akauza telefone, akakopa, akanunua tikiti. Siku ya kwanza ku Luano wakamwambia ndeke iko Mbuji-Mayi. Siku ya pili wakamwambia iko na ugonjwa. Siku ya tatu alifika, akakuta viti vya kilio vinapakiwa mu lori. Kompani hatuitaji jina, na feza ya tikiti alirudishiwa nusu. Anasema hasira yake si ya feza. Kama wangemuambia ukweli siku ya kwanza, asubuhi, angetafuta njia nyingine, ao angekaa na watoto wake alie pamoja nao.

Ukiwasikiliza wazee vizuri, njo hii wanayoililia. Si DC-10, na si mukate mweupe na kifuniko cha karatasi. Wanalilia kusema « ninakuja » kwa ndugu aliye mbali, na ndugu yule akaweka maji ku moto.

Tarehe 1 Desemba 2024 jina la zamani lilirudi: Air Congo, ile ile iliyofutwa 1971, sasa serikali yetu ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49. Ilianza na Boeing 737 mbili. Kusikia jina lile, wazee wa Kamalondo walicheka, kicheko kile cha mutu anayekutana na mchumba wake wa utoto. Mmoja akauliza kama tikiti yake ya 1970 ingali ina maana.

Siye tulimujibu aiweke vizuri. Kesho yake tulienda ku Luano kuangalia ratiba. Ilikuwa imeandikwa saa nne. Tukasimama pale na wasindikizaji wengine, tukiangalia saa.