Nyumba ilipata ruzuku, vitenge vikaota kuvu

Wauzaji wenzangu, hasa nyie ambao stoo yenu ni darini au chini ya kitanda, hii inawahusu.

Naishi Leicester, Uingereza, nauza vitenge na khanga mtandaoni. Mzigo wote nilikuwa naweka darini. Kipindi cha baridi bili ya gesi ilikuwa inakula faida yangu yote, maana nyumba isiyozibwa hupoteza kama robo ya joto lake kupitia paa. Unapasha moto ndege wa angani, aisee.

Kwanza alinigongea kijana, ati katumwa na serikali, niweke sahihi palepale na kianzio juu, waje kupuliza povu chini ya paa. Shemeji akaniwahi: nyumba yenye povu hilo, benki nyingi husita kuikopeshea hata ukitaka kuiuza. Nikafunga mlango.

Nikaenda mwenyewe kwenye tovuti ya serikali. Kulikuwa na Great British Insulation Scheme, ulioanza 2023 na kupangwa uishe Machi 2026. Pesa ilitoka kwa makampuni ya nishati, yaliyolazimishwa na serikali, na Ofgem ilisimamia. Nyumba yetu ilikuwa na daraja E kwenye cheti cha nishati, kodi ya halmashauri tuko kundi B, basi tukapita. Mimi nilidhani ni mpaka uwe unapokea msaada wa serikali, kumbe si lazima. Ila mipango hii usiilalie: ule wa Green Homes Grant ulifunguliwa Septemba 2020, Machi 2021 ukafungwa.

Mafundi wakasema toa kila kitu darini. Nikatoa maboksi 19, sebule ikawa kama soko. Wakatandika sufi nene, sentimita 27, wakaondoka. Nyumba ikapata joto kweli.

Sasa kosa langu. Nilirudisha maboksi yote juu ya sufi.

Sufi inafanya kazi kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Ukiikandamiza, hewa inatoka na joto linapita. Boriti za dari kwa kawaida zina kimo cha sentimita 10 hivi, kwa hiyo hata ukilaza mbao juu ya boriti bado unaibana. La pili ndo lililonimaliza: sufi inazuia joto lisipande, kwa hiyo dari lenyewe linakuwa baridi kuliko zamani. Mvuke wa jikoni na bafuni ukipenya huko juu unageuka maji. Na mimi niliegemeza maboksi mpaka kwenye kona za paa, nikaziba matundu ya hewa.

Mwezi Machi mteja akaagiza pea nne za kitenge. Nafungua boksi, harufu ya chumba cha maiti. Pea 23 zina madoa ya kuvu. Nilimrudishia mteja hela yake, nikamwomba radhi.

Siku hizi nguo ziko chumbani, kwenye rafu iliyoachana na ukuta wa nje. Darini nimebakiza mifuko ya kupakia na masanduku ya plastiki tu, juu ya mbao zilizoinuliwa kwa miguu maalumu ili zisiguse sufi, na kona za paa nimeziacha wazi. Miguu hiyo nilinunua mwenyewe, ruzuku haikuhusika. Kama unaomba sasa, muulize fundi habari ya stoo kabla hajatandika, siyo baada.