Kupima Mbingu ni Kazi ya Ushirika

Manahodha wa mwambao wetu walivuka bahari kwa kutazama nyota, na vipimo vyao viliwatosha kufika bandarini. Dunia ya leo inataka usahihi mkubwa zaidi. Usahihi huo hutokana na viini vya galaksi za mbali mno, viitwavyo kwasari, vinavyotuletea mawimbi ya redio. Kwa umbali wake, kwasari hazionekani kuhama. Ndizo vigingi vya kupimia mbingu na dunia yenyewe.

Darubini moja ya redio haiiwezi kazi hii. Mawimbi ya redio ni marefu kuliko ya mwanga mara maelfu kwa maelfu, hivyo dishi moja, hata likiwa kubwa namna gani, huona ukungu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tangu mwaka 1967 wataalamu wameunganisha madishi yaliyotengana maelfu ya kilomita. Kila kituo hurekodi mawimbi pamoja na wakati wa saa ya atomi. Kisha huhesabiwa wimbi limechelewa kiasi gani kufika kituo cha pili. Kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni sawa na sentimita 30 za mwendo wa wimbi. Kwa hiyo saa, mvuke wa maji hewani na mahali pa kila dishi, vyote sharti vijulikane barabara.

Orodha ya kimataifa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019 ina vyanzo 4,536 vya mawimbi hayo. Vilivyopimwa vema kabisa, kosa lake halizidi sana upana wa sentimita 6 juu ya mwezi ukitazamwa kutoka duniani.

Lakini mbingu ya kusini imepimwa hafifu kuliko ya kaskazini, kwa sababu vituo vingi vimejengwa kaskazini. Kwa miaka mingi Afrika iliwakilishwa na dishi la mita 26 la Hartebeesthoek, Afrika Kusini. Mwaka 2017 Ghana ilizindua dishi la mita 32 huko Kuntunse, lililojengwa awali kwa mawasiliano ya setelaiti. Kenya, Zambia na Madagaska ni miongoni mwa nchi zilizomo katika mpango huo wa Kiafrika.

Wapo watakaouliza: mkulima anafaidi nini? Vipimo hivi ndivyo vinavyoonyesha jinsi dunia inavyojizungusha siku hata siku. Bila ya hivyo, setelaiti zinazoongoza meli, ndege na wapima ardhi zingepotoka polepole, na mpaka wa shamba ungepotoka nazo.

Kwa hiyo tusiridhike kutumia vipimo vya wengine. Madishi ya zamani yasiachwe yakaliwe na kutu, na vijana wetu wafundishwe hisabati ya kuyaendesha. Sehemu ya mbingu iliyo juu yetu haitapimwa sawasawa mpaka sisi wenyewe tushike kamba upande wetu.