Jiwe la Tatu Mlangoni

Kuingia nyumbani kwa bibi mmoja, kwenye mteremko wa Bangwe mjini Kigoma, unapanda mawe matatu. La juu limelainika kwa miguu hadi linang'aa. La chini bado lina makali. Nikadhani ni ngazi tu.

"Hapana, mjukuu wangu. Nilipoolewa hapa kizingiti kilikuwa sawa na uwanja. Uwanja ndio ulioshuka."

Nikatazama upya. Msingi uko wazi, mizizi ya mwembe imetokeza. Kilichoushusha uwanja ni fagio. Kila alfajiri, kwa fagio la chelewa za mchikichi, alifagia mpaka udongo ukabaki mtupu, kama alivyofundwa na mama mkwe: uwanja wenye majani ni wa mvivu. Fagio likalegeza udongo, mvua ikauteremsha ziwani.

Tanganyika tunalisifu kwa urefu wake wa kilomita 673, kina cha mita 1,470, dagaa na migebuka. Tope hatulisemi sana. Likitua kwenye miamba ya ufukweni hufunika ule utelezi wa kijani ambao samaki wa mawe huuparura wakala, na wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Tangu 1994 mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall umehimiza upandaji miti katika vijiji vya Kigoma. Uwanja wa nyumba, je?

Bibi amejipangia wake. Hatua nne kutoka mlangoni bado anafagia, kwa kuhofia nyoka. Kuanzia hapo kushuka, majani ya mwembe yanalala yalipoanguka. Amepanga mawe kukinga mteremko, na nyuma yake mchaichai, mstari mmoja uliosongamana. Nilichutama nikachomeka kidole kwenye udongo kati ya mashina: mweusi, laini, wenye ubaridi. Kidole kilizama chote.

"Huu umebaki kwangu," akasema, akiusawazisha kwa kiganja. "Ule wa zamani sitaupata tena."

Majirani wa juu bado wanafagia, na maji yao hupita kwake. Lakini linalomsumbua liko karibu zaidi. Mkwe wake, mke wa mwanawe, kila akija kumjulia hali huamka kabla ya wote, akashika fagio, akasafisha uwanja mzima mpaka chini kwenye mchaichai. Ni heshima, na ni upendo.

"Sasa nimwambieje," akaniuliza, "aache kunisaidia?"