Dolomaiti ya Bahari ya Kina (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Mfaransa Déodat de Dolomieu, mwaka 1791, ameshika jiwe linalofanana na chokaa lakini halitoi povu la haraka likidondoshewa asidi. Jiwe hilo ndilo lililopewa jina lake, dolomaiti, na kinachoitofautisha na chokaa ni magnesiamu. Leo tuulize magnesiamu iliingiaje humo.

Maelezo yaliyozoeleka huanzia ufukweni. Kwenye nyanda za chumvi za Abu Dhabi jua hukausha maji, kalsiamu hutangulia kuganda, magnesiamu ikabaki nyingi. Kwa miamba ya maji mafupi nakubali. Lakini Ireland, miaka milioni 350 hivi iliyopita, tope la chokaa lilirundikana kama vichuguu kwenye sakafu ya bahari, mahali ambapo mawimbi hayakufika. Wajiolojia huuita mwamba huo Waulsortian, kwa jina la kijiji cha Waulsort, Ubelgiji. Jua lingekausha nini huko chini? Hata hivyo sehemu kubwa ya mwamba huo leo ni dolomaiti.

Magnesiamu yenyewe haikuwa haba. Kila lita ya bahari ina gramu 1.3 hivi. Shida ni kwamba kila chembe yake imezingirwa na maji yanayoing'ang'ania. Mwanajiolojia Lynton Land aliuacha mmumunyo uliozidi kiwango cha kuganda mara 1,000 ukae kwenye nyuzi 25 kwa miaka 32, na dolomaiti haikutokea. Joto ndilo hulegeza mshiko huo.

Joto peke yake halitoshi. Hapa naomba msomaji tupige hesabu. Kuigeuza mita moja ya ujazo ya chokaa isiyo na vinyweleo huhitaji kilo 330 hivi za magnesiamu. Hizo ni zaidi ya mita za ujazo 250 za maji ya bahari, hata kama yangeiacha yote! Tope lililoshikamana halipitishi maji kiasi hicho. Kwa hiyo ninapoikuta dolomaiti ndani ya mwamba wa kina, kwanza natafuta mpasuko ulio jirani.

Mipasuko Ireland ipo. Maji ya chumvi yaliyopata moto chini sana yalipanda humo yakaupenya mwamba: katika kila kalsiamu mbili moja ikatoka, magnesiamu ikakaa mahali pake. Fuwele mpya huhitaji nafasi pungufu kwa karibu asilimia 13, hivyo matundu yanaweza kufunguka na maji mengine yakafuata. Ushahidi umebaki: fuwele nyeupe zenye nyuso zilizopinda kama tandiko la farasi, na ndani yake vitone vya maji vilivyonaswa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100.

Zinki na risasi nazo zilifuata mipasuko hiyohiyo. Mgodi wa Lisheen, Tipperary, uliozalisha kuanzia 1999 hadi 2015, ulichimbwa kwenye kitako cha Waulsortian, katika chokaa iliyokwisha kugeuka dolomaiti.