Mvinyo Chini ya Nyumba, na Hewa Isiyoonekana

Askari aliyewahi kushika zamu Rusizi I, karibu na pale mto unapoagana na Ziwa Kivu na daraja kuunganisha Cyangugu na Bukavu, anajua jinsi nyumba za upande huu zilivyopandana juu ya miteremko. Ukuta wa nyuma aghalabu huegemea udongo, na mwenye nyumba akiukata mlima kidogo tu hupata chumba kilichozikwa nusu. Je, chumba hicho hakifai kuwa ghala la mvinyo?

Chafaa, ila kwa masharti. Mvinyo wa zabibu, uwe wa Ufaransa au wa Dodoma, wapenda mahali penye giza, pasipo mtikisiko, penye joto la nyuzi 12 au 13. Lakini ardhi haileti baridi; huleta utulivu wa joto. Ukichimba mita chache utakuta joto lililo karibu sawa na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo, na wastani wa Kamembe ni nyuzi 20 hivi. Basi mtu asitazamie ghala la Ulaya. Chupa zitakaa vyema mwaka mmoja au miwili, si ishirini. Na zilazwe ubavu, ili mvinyo uloweshe kizibo. Kizibo kikikauka hupitisha hewa, na mvinyo hugeuka siki.

Hata hivyo walio wengi huku hawana chupa za Ufaransa. Wana urwagwa. Tena Wanyarwanda hawakungoja mgeni awafundishe kuitumia ardhi: tangu zamani huchimba shimo liitwalo urwina, wakalipasha moto kwa majani makavu ya mgomba, wakapanga humo ndizi mbichi na kuzifunika kwa majani na udongo mpaka ziive. Kisha ndizi hukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa siku mbili tatu yachachuke. Pombe hiyo haikai. Juma likipita huwa imekuwa chungu, na ghala la chini huichelewesha kidogo tu.

Kosa kubwa ni kuichachusha humo humo ghalani. Sukari inapogeuka kileo, karibu nusu ya uzito wake hutoka kama hewa ya ukaa. Lita moja ya maji ya zabibu yaweza kutoa lita 40 au zaidi za hewa hiyo. Tufanye maji ya ndizi, yaliyotiwa maji mengine, yatoe nusu tu: lita 200 zitatoa mita 4 za ujazo. Ghala lenye mita 2 kila upande lina mita 8. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutanda sakafuni, haina rangi wala harufu. Wenyeji wa Goma waijua kwa jina la mazuku, kwa kuwa huko hutoka ardhini yenyewe na kulala mabondeni, ikiua mifugo na watu.

Ndugu askari na polisi wazingatie hapa, maana wao ndio huitwa. Mtu aanguka shimoni, ndugu yake aruka kumwokoa, naye aanguka, jirani awafuata. Hapana ushujaa katika kuruka. Wakale walishusha mshumaa, nao ukizimika hawakuingia. Lakini mshumaa waweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari yamdhuru mtu, basi usiutegemee. Anayeshuka afungwe kamba, na juu wakae watu wenye nguvu za kumvuta. Na kama hakuna kifaa cha kupumulia, kwanza hewa mpya ipulizwe ndani.

Mteremko wa Rusizi wenyewe unatoa dawa. Usichimbe shimo la kushukia kwa ngazi kama handaki. Kata ubavu wa mlima, mlango uwe sawa na sakafu, na sakafu iinamie nje kidogo. Hewa nzito itatoka yenyewe kama maji. Toboa tundu moja chini ya mlango na jingine juu, penye ukuta wa nyuma, uyazibe kwa wavu wa panya. Mfereji wa mvua upite nyuma ya ukuta kabla ya matofali kupangwa, kwani kuuchimba baadaye ni kuibomoa kazi yote. Pombe ichachukie uani, chini ya paa, na ikishatulia ndipo iingizwe.