Jina lako lina herufi ngapi? Toka jezi ya besiboli mpaka pasipoti yetu

Tuanze na kamchezo: hesabu herufi za jina lako lote, vile limeandikwa kwenye diplome ya Leta. Umepata ngapi? Weka hiyo namba kichwani, itatumika.

Marekani, wapenzi wa besiboli hupenda kukumbushana habari za Jarrod Saltalamacchia, aliyechukua ubingwa na Boston Red Sox mwaka 2013. Jina lake la ukoo lina herufi 14, ni kati ya marefu kabisa katika historia ya ligi kuu yao. Mgongoni mwa jezi, herufi zilizunguka karibu toka bega mpaka bega.

Kwenye basketi tuna Giannis Antetokounmpo, herufi 13. Lakini wazazi wake ni Wanijeria, na jina lenyewe kwa Kiyoruba ni Adetokunbo, herufi 10 tu. Hizo 3 zimetoka wapi? Ofisini! Alipopata uraia wa Ugiriki mwaka 2013, jina liliandikwa kwa herufi za Kigiriki, ambako sauti ya «d» inaandikwa «nt» na «b» inaandikwa «mp». Liliporudishwa kwa herufi zetu, likarudi limevimba. Leo dunia nzima inalijua hivyo.

Sasa tuje kwetu. Marehemu Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, jina lake kamili lilikuwa Dikembe Mutombo Mpolondo Mukamba Jean-Jacques Wamutombo. Herufi 49! Ila kwenye jezi namba 55 lilibaki moja: Mutombo. Mbona rekodi hatuna? Kwa sababu wenzetu wanahesabu jina la ukoo peke yake, lile linalotoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Sisi tuna nom, postnom na prénom, na mara nyingi hakuna hata moja linalofanana na la baba.

Chukua mfano wa Wanande. Paluku ni mtoto mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakonzo wa Uganda, huyo Kambale anaitwa Bwambale. Basi baba anaweza kuwa Paluku na mtoto Kambale, na wote wako sawa kabisa. Lakini afisa wa nje anayeangalia sanduku la «jina la ukoo» atauliza: kweli huyu ni baba yako?

Na urefu nao una bei. Fungua pasipoti, angalia chini ya picha: kuna mistari 2 ya kusomwa na mashine, kila mmoja nafasi 44. Mstari wa kwanza, nafasi 5 zinachukuliwa na aina ya hati na alama ya nchi, yaani COD. Zinabaki 39 kwa majina yote, na kila pengo kati ya majina linahesabiwa pia. Jina la Mutombo lote lisingeingia. Lako je? Likizidi, linakatwa.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta bursi au kazi nje, fanya hivi:

1. Tumia mpangilio mmoja wa majina kila mahali: cheti cha kuzaliwa, diplome, karti ya uchaguzi, pasipoti.
2. Fomu ya nje ikidai jina la ukoo, andika lile lililo kwenye sehemu ya «nom» ya pasipoti yako. Usichague lile unalolipenda.
3. Soma jina lako herufi kwa herufi kabla ya kusaini. «Kambale» na «Kambali», kwa mashine ni watu wawili.
4. Ukitaka kubadili jina, Kodi ya Familia inakupitisha tribinali. Anza mapema, usingoje wiki ya mwisho ya maombi.

Majina yetu hayana kosa. Sanduku la fomu ndilo lilitengenezwa kwa desturi ya watu wengine. Mpaka siku litakapopanuliwa, tujifunze kuliingia bila kuacha jina mlangoni.

Haya, tuandikie hapa chini: umepata herufi ngapi?