Kuwaza Sana Si Kutatua Tatizo: Namna ya Kukabili Msongo wa Mawazo

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, kama ilivyo kwingineko nchini, mtu akikonda au akijitenga na wenzake, majirani husema kwa ufupi: "Ana mawazo." Neno hilo hubeba mengi: deni la pembejeo, mahitaji ya mtoto anayekwenda sekondari, mvua iliyochelewa, ugomvi wa ndani ya nyumba. Hata hivyo, kuwa na mawazo si sawa na kufikiri. Anayefikiri huanza na swali na kuishia kwenye uamuzi. Mwenye msongo hulizunguka jambo lile lile usiku kucha na kulikuta asubuhi likiwa palepale.

Msongo ni mwitikio wa mwili dhidi ya hatari. Mwili humwaga homoni, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio na misuli hukaza. Hali hiyo humfaa aliyekutana na nyoka shambani, kwa kuwa hatari ile hupita upesi. Deni halipiti upesi. Mwili ukikaa katika tahadhari kwa wiki kadhaa, usingizi hupungua, kichwa huuma, hasira huwa karibu na nguvu za kazi hupotea. Mkulima anayeshindwa kutayarisha shamba kwa wakati kwa sababu ya hofu ya njaa huikaribisha njaa ile ile aliyoiogopa.

Fikra hasi ndizo huuchochea msongo huo, na zinaweza kudhibitiwa. Katika Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1996, wanawake wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliofanyiwa ukatili na wenza wao walishiriki mpango wa majaribio ulioitwa Nguvu, kwa vikundi na katika vikao 8. Wawezeshaji hawakuwa madaktari, bali watu waliopewa mafunzo maalumu. Msingi wa mbinu hiyo ni kutenganisha mambo matatu: tukio, fikra inayolifuata na hisia inayozaliwa na fikra hiyo, kisha fikra yenyewe huhojiwa. Kwa njia hiyo, mwanamke anayejilaumu kwa kupigwa anaweza kutambua kwamba kosa ni la aliyempiga.

Stadi hiyo inamfaa kila mwananchi. Mvua kuchelewa ni tukio. "Mwaka huu tutakufa njaa" ni fikra. Jiulize: nina ushahidi gani? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imetabiri nini? Jirani yangu angekuwa na hofu hii, ningemshauri nini? Majibu hayataleta mvua, lakini yataonesha hatua inayowezekana, kama vile kumwona afisa ugani kuhusu mbegu inayokomaa mapema.

Aidha, inashauriwa kugawa mahangaiko katika mafungu mawili: yale unayoweza kuyafanyia kazi na yale yaliyo nje ya uwezo wako. Katika fungu la kwanza, chagua hatua moja ndogo uitekeleze leo. Fungu la pili likikurudia usiku, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi, na urudie kwa dakika chache hadi mwili utulie. Usiache kazi za kila siku, ibada au mazungumzo na watu unaowaamini. Pombe husahaulisha kwa saa chache, kisha huharibu usingizi na kuongeza deni.

Zipo hali zinazohitaji mtaalamu. Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya shughuli zote kukidumu kwa wiki mbili au zaidi, fika katika kituo cha afya kilicho karibu, au piga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo kwa ushauri. Anayezungumzia kujidhuru asiachwe peke yake; afikishwe kituoni mara moja.

Kueleza maumivu ya moyo si udhaifu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na msongo wa mawazo nao ni wa kusemwa mapema, ungali mdogo.